Mwaka wa Jiwe la Siki

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kwenye arobaini ya Bi Mwanaidi, na huko nikawakuta wajukuu zake wananisubiri na swali. Khitma ilikuwa imekwisha, masinia ya pilau yameondolewa, watu wamejinyoosha mikekani uani, ndipo mmoja wao, binti wa chuo mwenye miwani, akanisogelea akaniuliza kama ni kweli kwamba bibi yake aliwahi kulitia jiwe kwenye siki mpaka likaota meno. Mwenzake akamkatiza: si meno, ni mifupa ya nyoka. Wa tatu, ambaye bado ananuka maziwa, akasema yeye alivyosikia jiwe lile lilikuwa la majini na lilitupwa baharini. Nikawatazama tu. Mtu hata arobaini yake haijapoa, na watu wameshamgeuzia habari zake. Nikawaambia wakae chini niwaeleze, na nilipomaliza yule wa miwani akasema, "Bibi, hayo ungeyaandika." Haya, naandika. Nilizaliwa wapi, baba yangu alikuwa nani, shangazi zangu wangapi, hayo nayaruka. Anayeyataka aje nyumbani nimpikie chai. Hapa nautaka mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, ambao nilifundishwa zaidi kuliko nilivyofundisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti changu cha ualimu wa baiolojia bado kinanukia wino, na mdomo ninao. Shule niliyopangiwa haikuwa na nyumba za walimu, kwa hiyo nikatafutiwa chumba nyumbani kwa Mzee Kombo, pembezoni mwa mji, kwenye barabara iendayo Amboni. Mzee Kombo alikuwa mchoma chokaa, mtu mrefu, mkavu, kope zake nyeupe kwa vumbi hata siku ya Ijumaa. Lakini aliyeitawala nyumba hakuwa yeye. Alikuwa ni dada yake mdogo, Bi Mwanaidi, mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Pangani kama kaka yake, muuza achari. Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyochongewa mguu wa nne kwa ubao wa sanduku, na dirisha la nondo linalotazama kibanda cha ndoo za achari: embe, ndimu, pilipili, kila ndoo na kifuniko chake na kitambaa chake. Harufu ya siki ilikuwa imeingia ukutani. Nikisimama mbele ya darasa, wanafunzi wa dawati la kwanza walijua fika ninakoishi, na waliniita Mwalimu Achari wakidhani sisikii.

Siku ya pili niliinama kutafuta kiatu uvunguni nikakuta mawe. Hayakutupwa ovyo, yalipangwa safu kwa safu, makubwa nyuma, madogo mbele. Mengine yalikuwa na umbo la konokono aliyejiviringa, mengine yana michirizi kama ya ganda la kombe, moja refu na laini limechongoka ncha. Nikavuta moja. Sauti ikatoka jikoni bila mtu kugeuka. "Hayo usiyasogeze, mwalimu. Yana mpango wake." Nilipomuuliza ya nini, Bi Mwanaidi akafuta mikono kwenye kanga akaja kukaa mlangoni, akaniambia kwamba mawe ya chokaa ya machimbo yale yana picha ndani yake, na kwamba kaka yake anazichoma. Tanuu hupangwa hivi: magogo chini, duara pana kama sakafu ya chumba, kisha mawe juu yake yakirundikwa mpaka yafike kifuani kwa mtu, halafu moto, siku kadhaa, hadi jiwe linalegea na kuwa unga mweupe wa kupaka nyumba. Basi kabla ya kila tanuu, Bi Mwanaidi alikuwa na ruhusa ya kupita kwenye chungu ya mawe yaliyoletwa na lori na kutoa anayoyataka, kwa sharti moja: kila alitoalo alete jingine la uzito uleule. Alikuwa akiyabeba kichwani kutoka ukingo wa barabara. Miaka kumi na sita alifanya hivyo, na mtaa mzima ukimwita Bibi Mawe. Hakuna aliyewahi kumwambia zile picha ni za nini.

Mimi nilijua. Kweli nilijua kiasi chake. Tulifundishwa visukuku, viumbe wa zamani waliogeuka mawe, na konokono yule niliweza hata kumtaja kundi lake. Mnafikiri nilimwambia kwa staha? Nilichukua kipande cha chaki nikamfundisha palepale sakafuni, nusu saa nzima, kana kwamba yeye ni kidato cha pili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda chumbani kwake akarudi na kitu kimefungwa kwenye kanga kuukuu, akakifungua mapajani. Kilikuwa ni kipande cha jiwe la kijivu, ukubwa wa mkate wa boflo, na upande mmoja vilichomoza vitu vya mviringo vyeusi, vinang'aa, vimepangwa kwa mistari. Nilihesabu saba. Alilipata tanuu lililopita, akalipa kwa jiwe lililomvunja shingo siku mbili. "Hili nalitaka jina lake," akasema. "Mengine hata yakikosa. Mimi naona ni meno."

Nikacheka. Najilaumu mpaka leo, lakini nilicheka. Mimi ni mtu wa milimani, wa Lushoto, nimelelewa kwa maharage, na nikiona vitu vya mviringo vimepangwa mstari ndani ya kitu kirefu najua naona nini. Nikamwambia meno hayawi duara, meno yana ncha au yana makali, na kwamba hizi ni mbegu, mbegu za jamii ya kunde zilizogeuka jiwe ndani ya ganda lake, tena ni kitu adimu, na kwamba nitaandika barua kwa wataalamu wa chuo Dar es Salaam waje walione. Nikaiandika jioni ileile. Ukurasa mmoja na nusu, neno "mbegu" mara nne, na chini nikaweka sahihi yenye mkia. Bi Mwanaidi akaichukua ile bahasha akaishika kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa. Hakusema tena habari za meno mbele yangu.

Alichofanya baadaye hakikunihusu mimi, kilihusu ugeni. Wataalamu wanakuja, na mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Sinia la shaba la nyumba ile lilisafishwa kwa siki na chumvi, birika vivyo hivyo, kwa hiyo na jiwe nalo likatiwa kwenye beseni na kumiminiwa siki. Nilikuwa nasahihisha madaftari niliposikia Mzee Kombo akisema "Audhubillahi" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikatoka. Jiwe lilikuwa linachemka. Beseni liko sakafuni, moto hakuna, na jiwe linatoa povu na kufoka polepole, mapovu yanapanda juu kama lina pumzi. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alisharudi kwao bila chumvi. Mzee Kombo akaagiza ubani, akaanza kusoma, na akamwambia dada yake alitoe jiwe hilo nyumbani kabla jua halijazama. Nikamkimbilia. Nikamwambia, "Baba, hili si pepo, hii ni siki. Chokaa na siki hazipatani." Nikachukua kipande cha jiwe lake mwenyewe la tanuu, nikakidondoshea siki, nacho kikafoka. Akakitazama. Akadondoshea kingine kwa mkono wake. Akafanya vile kwa mawe manne matano, ubani umemzimikia mkononi, kisha akasema kwamba ameshika mawe haya maisha yake yote na hayajawahi kumjibu neno.

Ndipo Bi Mwanaidi akaniita kwa kunivuta mkono. Povu lilikuwa limetulia, siki imeingia rangi ya maziwa, na alipolinyanyua jiwe tuliona kwamba lile la kijivu limeliwa na lile jeusi halikuguswa. Vile vitu saba vilikuwa vimeinuka zaidi, na pembeni yao, ambapo asubuhi palikuwa jiwe tupu, palikuwa na kingine kinachungulia. Kiasi cha kichwa cha pini. Nimefundisha miaka thelathini na minne baada ya siku ile, nimewaonyesha watoto moyo wa ng'ombe na seli za kitunguu chini ya darubini, lakini kitu kama kile, kitu kilichofungiwa gizani tangu kabla ya binadamu kuwako, kikatokea mbele yangu uani kwa watu, kwenye beseni la kuoshea mchele, sijakiona tena. Tulikaa pale tukiangalia mpaka chai ikapoa.

Tangu siku hiyo tukawa na kazi. Asubuhi kabla sijaenda shule tunalitia siki. Nikirudi tunalitoa, tunalisuuza kwa maji mara tatu, tunaliacha likauke kivulini. Bi Mwanaidi ndiye aliyegundua kwamba vile vyeusi vikikaa muda mrefu kwenye siki hupoteza mng'ao, basi akayeyusha mshumaa na kuvipaka nta kimoja kimoja kwa unyoya wa kuku, akiuma mdomo kwa umakini. Alikuwa na mkono wa mtu aliyezoea kujua embe limekolea lini, hakuhitaji saa. Kila jioni palikuwa na kipya. Tisa. Kumi na moja. Kumi na tano, mistari mitatu, vya katikati vikubwa kama mbaazi, vya pembeni vidogo kama choroko. Nilikuwa siwezi kulala. Darasani nikiandika ubaoni nawaza jiwe, na kengele ya mwisho ikilia nawatangulia wanafunzi getini. Tukila chakula cha jioni tulikuwa tunaliweka kwenye mkeka kati yetu, ubwabwa huku, jiwe huku, na Mzee Kombo anajifanya halioni.

Lakini Mzee Kombo alikuwa na binti wa kuoza, aliyekuwa akikaa mjini kwa mama yake. Harusi iliwekwa mwisho wa mwezi, na nyumba haipokei harusi bila kupakwa chokaa, tena nyumba ya mchoma chokaa. Angechekwa Tanga nzima. Lori la machimbo likaharibika, mawe hayakuja ya kutosha, na jioni moja akaja kusimama uani, mikono nyuma, akasema na dada yake kwa upole kabisa. Chini ya kitanda cha mwalimu, chini ya kitanda chake yeye, nyuma ya kibanda, kuna mawe ya kujaza nusu ya tanuu. Amevumilia miaka kumi na sita. Kama hayo mawe yana thamani aseme mtu mwenye elimu yake. Kama hayana, yanakwenda kufanya kazi ya mawe. "Tanuu nawasha Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Mpaka hapo nasubiri barua yenu." Bi Mwanaidi akajibu, "Sawa, kaka." Ile nyumba ilikuwa ni ya kaka yake, naye alikuwa anakaa humo kwa hisani yake tangu afiwe. Nililala nikijua kwamba miaka yote kumi na sita ya mama yule imeshikwa na ile barua yangu.

Majibu yalikuja Jumatatu. Nilipewa barua shuleni, nikaifungua nimesimama chini ya kengele. Mistari minne tu. Walishukuru. Walisema mawe ya machimbo yale ni ya bahari ya kale, bahari ya kina, wala mbegu za kunde hazitegemewi humo. Kwamba kwa maelezo niliyotoa vitu hivyo huenda ni vifundo tu vya jiwe, na kwamba hawakuona haja ya kusafiri. Nikaikunja, nikaitia kwenye kitabu cha mahudhurio. Nilirudi nyumbani nikasema bado haijafika. Nilidanganya, ndiyo, na niliyemdanganya alikuwa ananipakulia chakula. Usiku ule ukuta wa chumba changu ulinipitishia maneno. Mzee Kombo alikuwa anamuuliza dada yake kama ana hakika watu wa Dar watajibu. "Watajibu," akasema Bi Mwanaidi. "Kaandika mwalimu. Mimi nilikuwa nimekosea, nilidhani ni meno, akanielekeza. Yule mtoto kasoma, kaka, hasemi asichokijua." Kama kuna kitu kibaya zaidi ya kutukanwa ni kusifiwa kwa namna ile. Nilijifunika shuka kichwani, pamoja na joto lote la Tanga.

Jumanne palikuwa na supu ya kichwa cha samaki, yule wa pwani aitwaye changu. Lazima niseme kwamba miezi yote ile nilikuwa sijala kichwa cha samaki. Kwetu milimani samaki alikuja amekauka, amekatwakatwa, hana uso. Nilipofika pwani nikawa naletewa kipande cha mgongo na kichwa wanakula wenyewe. Jioni ile Bi Mwanaidi hakuwa na njaa, akanisukumia bakuli. "Kula, mwalimu, umekonda kwa mawazo." Kwa aibu niliyokuwa nayo ningekula hata sufuria. Nikakishika kile kichwa, nikakivunja taya kama nilivyowaona wao wakifanya, nikatia mdomoni, nikauma kitu kigumu. Nikakitema kiganjani. Kilikuwa cha mviringo, laini, kinang'aa. Nikalichukua lile taya nikalisogeza kwenye taa. Mbele changu ana meno ya ncha, kama nilivyowafundisha watu. Nyuma, kule ambako mla mgongo hafiki, kuna meno ya duara yamepangwa mstari, makubwa kwa madogo, ya kupondea kaa na makombe.

Niliweka taya juu ya jiwe, palepale kwenye mkeka, na sote watatu tukatazama. Mzee Kombo alikuwa wa kwanza kuvuta pumzi. Mimi nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja, nikaenda kuchukua kitabu cha mahudhurio, nikaitoa ile barua nikawasomea yote, na nikawaambia imefika lini. Nikamwambia Bi Mwanaidi, "Mama, ulisema meno siku ya kwanza. Mimi nilikucheka. Sikuwa nimekosea tu, nilikuwa na kiburi." Nilitegemea anigombeze. Alikuwa ameshalichukua taya lile analizungusha, analilinganisha mstari kwa mstari, uso umemng'aa. "Nilijua," akasema polepole. "Miaka yote nasafisha vichwa vya samaki. Nilijua." Kisha akaniuliza basi la Dar linaondoka saa ngapi.

Mkuu wa shule nilimwambia naumwa jino. Alhamisi alfajiri tulipanda basi, jiwe limefungwa kanga mbili ndani ya kikapu mapajani kwa Bi Mwanaidi, na taya la changu, limechemshwa likawa jeupe, ndani ya chupa ya achari. Hakukubali kikapu kiwekwe chini hata tulipofika Segera watu wote wakashuka kununua machungwa. Mtaalamu aliyetuandikia, Dokta Mrisho, tulimkuta kwenye chumba chenye kabati za droo mpaka darini, anakula karanga kwenye gazeti. Tulimwamkia, akaitikia, nikampa ile barua yake, akaangalia jina langu. "Ninyi ndio wa mbegu," akasema, na akatazama saa. Nikamwambia, "Dokta, mbegu nilikosea mimi. Huyu mama anasema ni meno." Bi Mwanaidi akafungua kanga ya kwanza, akafungua ya pili, akaweka jiwe mezani. Pembeni akaweka lile taya.

Dokta aliacha karanga. Alivuta taa, akavuta kioo cha kukuzia, akainama, na kwa muda mrefu nikawa naona kisogo chake tu. Alipoinua kichwa hakunitazama mimi, alimtazama Bi Mwanaidi. Akamuuliza nani amelisafisha. Mimi, akasema. Kwa asidi gani? Kwa siki ya achari, akasema, na nta ya mshumaa, kwa unyoya. Dokta akaegemea kiti akacheka mpaka akavua miwani. Akatuambia kwamba wao nao hufanya hivyohivyo, kwa asidi ya namna ileile, na kwamba kuna vijana chumba cha pili wamehangaika na jiwe dogo kuliko hili mwaka mzima. Akaenda akawaita. Wakaja wanne, wakalizunguka, wakaanza kusema wote kwa pamoja, na mmoja akamshika Bi Mwanaidi mkono akautingisha bila kuuachia. Ni kinywa cha samaki, Dokta akaeleza, paa lake la juu, samaki wa zama za mijusi wakubwa, wakati kule Amboni kulikuwa bahari. Si changu, wala si babu wa changu. Ni ukoo mwingine ambao hauko tena duniani, ila kazi yao ilikuwa moja, kuponda makombe, na kazi moja huzaa meno yanayofanana. Jina kamili lingesubiri mpaka walinganishe na vya wenzao. Lakini kutoka machimbo yale yeye hakuwahi kukiona kingine. Akachukua kadi ya kuandika. Aliyekipata: Mwanaidi. Aliyekitambua? Bi Mwanaidi akanigeukia mimi, na kama angekuwa mtu mwingine ningedhani ananisuta. "Andika huyohuyo," nikasema. Niliona aibu na raha kwa wakati mmoja, na raha ilikuwa kubwa zaidi.

Tulipomweleza habari ya tanuu, Dokta aliacha kucheka. Akasema hawezi kumkataza mtu kuchoma mawe yake. Anaweza kumwomba tu. Akaandika barua kwa Mzee Kombo, akaahidi kuja mwenyewe baada ya wiki mbili. Tukalala kwa ndugu wa Bi Mwanaidi, Ijumaa tukarudi, na njia nzima Bi Mwanaidi alikuwa akirudia maneno ya Dokta taratibu ili yasimpotee. Tulifika alasiri. Niliingia chumbani kutupa mkoba, nikaona sakafu chini ya kitanda changu iko wazi, imefagiwa. Nikaita. Bi Mwanaidi akatazama chini ya kitanda chake, akatazama nyuma ya kibanda, kisha tukatoka mbio, mama wa miaka hamsini na kitu na mwalimu wa sekondari, kanga mikononi, mpaka kiwanjani.

Tanuu lilikuwa limesimama, limepangwa vizuri mpaka juu, kazi ya fundi. Mzee Kombo alikuwa ameketi pembeni na dumu la mafuta ya taa. Alipotuona hakunyanyuka. "Nilisema siwashi mpaka Jumamosi," akasema. "Sikusema sitapanga." Dada yake alikuwa anahema. Nikatoa barua. Akasema, soma, nikaisoma yote, na nilipofika mahali pa samaki akanyoosha mkono nisimame. Akauliza, "Kwa hiyo ni samaki kweli? Ndani ya mawe haya ninayochoma mimi?" Nikamwambia haya haya, baba. Akaangalia tanuu. Akaangalia mikono yake. Alikuwa amechoma chokaa tangu hajaota ndevu, misikiti na nyumba za mji ule zimepakwa kwa moto wake, na niliona hesabu ikimpita usoni.

"Nimechoma mangapi, Mwanaidi?"

"Mimi nayajua niliyoyatoa tu, kaka," akasema dada yake.

Mzee Kombo akaliweka dumu mbali. Kisha akavua kanzu, akapanda juu ya tanuu kwa singlendi na msuli wa kiunoni, akaanza kuyashusha. Kila jiwe alilipangusa kwa kiganja, akalisogeza kwenye mwanga, akauliza, "Hili je?" Dada yake akisema "Choma," analirusha upande wa kushoto. Akisema "Lete," anainama na kumkabidhi mkononi. Hivyo hivyo, jiwe kwa jiwe, yake na ya dada yake, mpaka mgongo ukamng'aa kwa jasho. Tanuu lile liliwashwa siku tatu baadaye, likiwa dogo, na nyumba ikapakwa mbele tu. Mama wa bibi harusi hakunisemesha mpaka mwaka uliofuata. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kuangalia Mzee Kombo akibomoa kazi yake mwenyewe, na wengine wakamtania, naye akaendelea kushusha. Hili je? Choma. Hili je? Choma. Hili je? Lete. Jua lilikuwa limeshuka alipofikia mawe ya chini. Akachukua moja, akalipangusa. Akaligeuza, akalipangusa tena kwa ncha ya msuli wake, akalitazama muda mrefu. Bi Mwanaidi akanyoosha mkono. Kaka yake akalishusha taratibu akaliweka juu ya kanzu yake iliyokunjwa.

"Hili sikuulizi," akasema. "Hili nimeliona mimi."